Volti Zisizo na Kazi: Jinsi ya Kupunguza Joto na Kuokoa Betri kwenye Amplifaya ya Linia

Joto linalopulizwa na feni ya amplifaya ya redio ni umeme uliolipiwa ambao haukufika kwenye antena. Mtu wa mjini atauona kwenye bili ya stima. Kwa redio iliyoko North Horr au Lodwar, kaskazini mwa Kenya, inayoishi kwa betri na sola, hasara hiyo huonekana usiku ule ule: betri zinalegea, sauti inaanza kukatika, na taarifa ya mgonjwa anayehitaji gari haifiki upande wa pili. Ndiyo maana suala hili silichukulii kwa wepesi.

Mimi ni fundi wa redio. Benchi langu liko ghorofani, hatua chache kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, na kazi inayonijia zaidi ni seti za HF (mawimbi mafupi) za SSB, mtindo wa kurusha upande mmoja tu wa wimbi la sauti: za mashirika yanayofanya kazi kaskazini, za kambi za watalii, na za wenzangu wenye leseni ya redio ya ridhaa tunaokutana kwenye MHz 7. Anayekuja akilalamika kwamba amplifaya yake inakula umeme kwa kawaida huuliza: niweke transista gani? Jibu langu huwa lile lile. Acha transista kwanza, tuangalie volti. Volti inayobaki juu ya transista wakati mkondo unapita ndani yake haina kazi nyingine ila kuchemsha. Hatua nyingi nitakazoeleza hapa ni njia za kuzipunguza volti hizo bila kuharibu sauti.

Umeme unapotelea wapi

Mtu wa FM hana taabu hii. Wimbi la FM lina kimo kile kile, mtangazaji akinong'ona au akipaza sauti; kinachobadilika ni masafa. Kwa hiyo amplifaya yake inaweza kufanya kazi kama swichi na kufikia ufanisi wa asilimia 80 hivi. Kwenye SSB, kimo cha wimbi hupanda na kushuka pamoja na sauti ya anayezungumza, na amplifaya lazima ikifuate kimo hicho kwa uaminifu; ndiyo maana inaitwa linia. TV ya dijitali na minara ya 4G ina mzigo huo huo, tena mkubwa zaidi. Ukilikata wimbi kileleni, uchafu wake unamwagikia masafa ya jirani, na jirani ana haki ya kukupeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

Amplifaya hupangwa kwa klasi, kulingana na muda ambao transista inapitisha mkondo. Klasi A, inayopitisha muda wote, haipiti asilimia 50 hata kwenye karatasi, na inakula umeme ule ule uwe unaongea au umenyamaza. Ni dereva wa matatu anayekanyaga mafuta hadi mwisho kisha anapunguza mwendo kwa breki. Klasi B, ambayo kila transista inapitisha nusu ya wimbi tu, hufika asilimia 78.5 kwenye karatasi. Redio zetu nyingi ziko katikati, klasi AB.

Lakini hiyo 78.5 ni ya kileleni tu, na hapa ndipo wengi hupotea. Kanuni yake ni hii: ufanisi wa klasi B ni asilimia 78.5 mara kimo cha wimbi, gawanya kwa volti za saplai. Wimbi likijaza saplai yote unapata 78.5. Likijaza nusu, unapata 39. Amplifaya ya wati 100 ikitoa wati 25, kimo ni nusu, kwa hiyo ufanisi ni 39. Ikitoa wati 10, kimo ni karibu theluthi moja, na ufanisi umeshuka hadi 25. Sasa sikiliza mtu akizungumza: pumzi, vituo, silabi nyepesi. Muda mwingi sauti iko chini kabisa ya kilele. Umeme unapotelea huko chini, kwenye maneno ya kawaida, hata kama kilele kinapendeza kwenye mita.

Pima kabla ya kugusa kitu

Unahitaji mzigo wa majaribio wa omu 50 unaostahimili wati zako, osiloskopu (kifaa cha kuonyesha umbo la wimbi), na njia ya kuaminika ya kupima mkondo wa DC. Kwa RF, yaani nguvu ya mawimbi ya redio, soma volti kutoka kilele cha juu hadi cha chini kwenye mzigo, zidisha kwa zenyewe, gawanya kwa 400. Volti 200 ni wati 100. Hakikisha probu yako, ule waya wa kupimia wa osiloskopu, inavumilia volti hizo kwenye masafa unayopima, kwa sababu uwezo wa probu hushuka kadiri MHz zinavyopanda, na namba iliyoandikwa mgongoni mwake ni ya DC au masafa ya chini.

Kwa mkondo, sipendi mita za kubana za bei nafuu karibu na amplifaya inayotoa RF. Nyingi hupumbazwa na kuonyesha chochote. Tumia rezista ndogo ya kupimia iliyo kwenye waya wa saplai, na kapasita pembeni mwake kuzuia RF. Volti zipime kwenye skrubu za amplifaya yenyewe, wala si kule kwenye betri.

Tofauti ya sehemu hizo mbili ni kipimo cha kwanza, na mara nyingi ni dawa ya kwanza. Chukua seti ya volti 13.8 inayovuta ampea 20, imefungwa mita 4 kutoka kwenye betri kwa waya wa milimita za mraba 2.5. Kwenda na kurudi ni mita 8, upinzani karibu omu 0.055. Hapo umepoteza volti 1.1 na wati 22 ndani ya waya, kabla hujafungua boksi. Waya wa milimita za mraba 10 unaishusha hasara hiyo hadi wati 5 na nusu. Nimeona seti ikisingiziwa uzee, kumbe ilikuwa imefungwa kwa waya wa soketi za nyumbani.

Toa RF kwa sekunde chache tu kila mara, andika wati zinazoingia na zinazotoka kwa ngazi tatu au nne: kamili, nusu, robo, na sehemu ya kumi. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuongoza. Fundi anayetazama kilele peke yake atarekebisha kilele peke yake.

Amplifaya iliyotoka Turkana

Nieleze kazi moja kwa urefu, kwa kuwa ndani yake kuna karibu kila kitu.

Ililetwa amplifaya yenye transista mbili za LDMOS aina ya MRF300, zikisukumana, yaani kila moja ikibeba nusu yake ya wimbi, kwenye saplai ya volti 50. Transista hiyo imetengenezwa kutoa wati 300 moja ikiwa peke yake, kwa hiyo jozi yake ni kifaa cha nguvu. Transfoma ya kutokea ilikuwa na uwiano wa mizunguko 1 kwa 2, yaani omu 50 za antena zinaonekana kama omu 12.5 kutoka dreni hadi dreni (dreni ni mguu wa transista unaotoa nguvu). Kituo kilikuwa na betri za volti 24, na kibadilishi cha kupandisha au kushusha volti, kilichopangwa kutoa 50. Mwenye seti alikuwa ameambiwa na aliyemuuzia kwamba amplifaya kubwa ikitumiwa kidogo itadumu na itapoa. Akawa anaitumia kwa wati 100. Ilichemka kiasi cha kutogusika, na betri hazikufika asubuhi.

Hesabu yake iko wazi. Kutoa wati 100 kwenye omu 12.5, kila dreni inahitaji kuyumba kwa volti 25. Saplai ni 50. Nusu ya saplai haifanyi kazi yoyote. Ufanisi ni 78.5 mara nusu: asilimia 39. Wati 255 zinaingia, 100 zinatoka, 155 zinabaki kwenye hitisinki, kile chuma cha kupoza transista. Ile nguvu ya ziada ambayo mnunuzi alidhani ni akiba ndiyo iliyokuwa ikimla.

Swali sahihi ni: wati 100 zinahitaji volti ngapi? Volti 25 za kuyumba, pamoja na akiba ya chini ambayo transista haiwezi kushuka chini yake bila kuanza kulipinda wimbi. Kwa kifaa hiki niliweka akiba hiyo kuwa volti 4. Jumla 29. Nikafungua kibadilishi, nikageuza rezista ya kurekebishia kutoka 50 hadi 29, nikapima tena.

Kitu cha kutazama kwa makini wakati huo ni sindano ya ampea. Haisogei. Kwenye volti 50 wati 100 zinavuta karibu ampea 5.1, na kwenye volti 29 zinavuta karibu ampea 5.1 vilevile, kwa sababu mkondo unaamuliwa na wati na omu za mzigo, wala hauamuliwi na saplai. Kilichobadilika ni volti zinazozidishwa na mkondo huo. Kwa hesabu ya klasi B wati zinazoingia zimeshuka kutoka 255 hadi 148. Joto limeshuka kutoka 155 hadi 48, chini ya theluthi moja. Kwenye upande wa betri, tukichukua kibadilishi chenye ufanisi wa asilimia 90, zaidi ya ampea 11 zimekuwa chini ya 7. Namba za kwenye benchi huwa mbaya kidogo kuliko hizi, kwa kuwa kuna bayasi (mpangilio wa mkondo mdogo unaopita hata bila sauti) na hasara za transfoma, lakini uwiano wake ni huo huo.

Yapo mambo mawili ya kufuatilia ukishusha saplai hivi. Kapasitansi ya ndani ya transista, yaani uwezo wake wa kushika chaji, huongezeka volti zikishuka, kwa hiyo ukuzaji hupungua kidogo na utahitaji kuisukuma zaidi kwenye geti, mguu wa kuingizia. Na bayasi ni lazima uipange upya, kwa maana ile ya volti 50 haitakuwa sahihi kwenye 29.

Njia nyingine: kugeuza mzigo

Ungeweza pia kuacha volti 50 na kubadilisha transfoma. Ukiweka uwiano wa 1 kwa 1, dreni zinaona omu 50. Ukijaza volti 46 utapata karibu wati 85 kwa mkondo wa ampea 2.3 tu, ufanisi wa asilimia 72 kwenye karatasi. Mkondo mdogo unamaanisha hasara ndogo kwenye waya, kwenye viungo vya soda ya kuunganishia waya, na ndani ya transista. Kama kibadilishi chako ni kizuri na unatumia bendi moja ya chini kama MHz 7, hii ni njia bora kuliko ile niliyoitumia. Niliiacha kwa sababu kituo kile kilihitaji bendi kadhaa, na omu zikiwa kubwa ile kapasitansi ya dreni huanza kuleta fujo kwenye masafa ya juu.

Kwa seti za volti 13.8 hesabu ina sura nyingine. Hapo hakuna volti za kutupa. Ile akiba ya chini yenyewe ndiyo inayouma. Ukitoa volti 1.8 kwenye 13.8 umebaki na 12. Kutoa wati 100 unahitaji mzigo wa omu 2.9 kati ya dreni na dreni, na transfoma ya 1 kwa 4 inakupa omu 3.1, yaani wati 92. Ukilazimisha 100 unakata vilele. Katika hali hiyo miliomu (sehemu za elfu za omu) za kiungo kibovu cha soda zinahesabika, na kila sentimita ya waya inahesabika. Mtu anayejenga upya kituo cha sola ningemshauri aachane na volti 12 kwa amplifaya yoyote inayozidi wati 50, aende kwenye 28 au 48.

Kuhusu transfoma yenyewe: kiini cha feraiti aina ya 43 kinafaa kwa HF, mradi ni kikubwa vya kutosha kisipate moto. Shika kiini kwa kidole baada ya kuzima saplai. Kikiwa na moto kuliko hitisinki, tatizo lako liko kwenye transfoma na hutalipata kwingine.

Bayasi

Mkondo wa kutulia ndio unaolainisha wimbi linapovuka sifuri, na pia ndio unaokula umeme ukiwa umeshika kitufe huku hujasema neno. Panga kidogo kadiri sauti inavyoruhusu. Kwa transista kama MRF300 mia moja au mia mbili za miliampea kwa kila moja huwa zinatosha kuanzia. Mosfeti (transista za familia hiyo hiyo) za volti 12 kama RD100HHF1 zinataka zaidi. Ongeza polepole ukitazama jaribio la toni mbili nitakalolieleza, na usimame pale ambapo kuongeza hakuleti tena faida.

Bayasi ikatwe kabisa redio inapopokea. Hili ni jambo la swichi moja ya transista kwenye waya wa kitufe cha kuzungumzia, lakini bado zinafika kwangu amplifaya za kujengewa nyumbani zilizo na bayasi saa 24. Volti 50 kwa miliampea 400 ni wati 20 usiku kucha, bila mtu kuongea.

Tena, mosfeti ikipata joto kwa volti zile zile za geti, mkondo wa kutulia hupanda. Ukipanda joto linazidi, na mzunguko unajilisha wenyewe. Funga kithamista (rezista inayobadilika kwa joto) au dayodi kwenye hitisinki, kando kabisa ya transista, ishushe volti za geti joto linapopanda. Kuifunga kwenye bodi, mbali na chuma, hakusaidii kitu.

Baada ya dreni

RF ikishatoka kwenye dreni bado kuna njia ndefu ya kupotelea. Kichujio cha harmoniki, yaani cha kuzuia masafa ya ziada yaliyo mara mbili au zaidi ya masafa yako, kinachopoteza nusu desibeli (kipimo cha uwiano wa nguvu) kimekula wati 11 katika 100. Kikipoteza desibeli moja kimekula 20. Chunguza kapasita: zile za kauri za bei rahisi za aina ya X7R hupata moto kwenye RF na thamani yake hubadilika. Tafuta za C0G au za mika. Kwenye maduka ya Luthuli na River Road za mika hupatikana ukiuliza kwa subira, mara nyingi zikiwa zimetolewa kwenye vifaa vya zamani. Zipime kabla ya kuzifunga. Koili zisukwe kwa waya mnene juu ya toroidi za unga wa chuma, zile nyekundu za aina ya 2, ukubwa ufae wati zako.

Kebo ya antena ya RG-58 yenye mita 30 hupoteza zaidi kidogo ya desibeli moja kwenye MHz 7. RG-213 hupoteza karibu nusu yake. Na antena iliyo mbali na omu 50 inaivuruga ile hesabu yote ya mzigo niliyoifanya juu, kwa kuwa dreni haitaona omu 12.5 tena. Rekebisha antena kabla ya kurekebisha amplifaya.

Volti zinazofuata sauti

Kama volti za saplai zingeweza kupanda na kushuka pamoja na kimo cha wimbi, ufanisi ungebaki juu hata mtu akinong'ona. Wazo hilo ni la zamani. Leonard Kahn alilieleza mwaka 1952 kwa ajili ya SSB: tenganisha kimo na masafa, kuza masafa kwa amplifaya ya aina ya swichi, kisha rudisha kimo kupitia saplai. Simu iliyo mfukoni mwako huenda inatumia ndugu wa mbinu hiyo, saplai inayofuata kimo cha wimbi huku amplifaya ikibaki linia. Kwa fundi wa benchi, ugumu uko kwenye muda. Saplai lazima ipande kabla ya kilele kufika. Ikichelewa kidogo unakata kilele na kumwaga uchafu.

Kabla ya Kahn kulikuwa na wengine wawili. Henri Chireix wa Ufaransa, mwaka 1935, alitumia amplifaya mbili zenye kimo kisichobadilika na kuziacha zipishane awamu ili jumla yake ndiyo ipande na kushuka. Mwaka uliofuata William Doherty wa Bell Labs, Marekani, alitoa mbinu yake: amplifaya moja inabeba maneno ya kawaida ikiwa imejaa, ya pili inaamka vilele vinapokuja na kubadilisha mzigo wa ile ya kwanza. Inafikia ufanisi wa juu ikiwa kwenye robo ya nguvu, halafu tena kileleni. Leo ndiyo iliyotawala minara ya simu, na hata mitambo ya TV ya dijitali. Kwa HF ya bendi nyingi siipendekezi kuijenga, kwa sababu mistari yake ya robo wimbi, yaani waya zenye urefu wa robo ya wimbi, inafungamana na masafa mamoja.

Kinachowezekana bila gharama kubwa ni swichi ya ngazi mbili. Kwenye ile seti ya Turkana niliongeza kitufe: ngazi ya juu, volti za wati 100, ngazi ya chini, volti 17 kwa wati 25, pamoja na bayasi yake. Kwa wati 25 kwenye volti 50 ufanisi ungekuwa asilimia 20. Kwenye 17 hesabu inatoa 58. Mazungumzo mengi ya jioni kati ya kituo na kituo yanapita vizuri kwa wati 25, na opareta akijua kwamba kitufe hicho kinaokoa betri, anakitumia.

Kubana sauti kidogo kabla ya kuikuza nako kunasaidia, kwa maana silabi nyepesi zinapanda karibu na kilele ambako ufanisi ni mzuri. Kidogo tu, ukibana sana unakuza kelele za feni na jenereta zilizo nyuma ya anayezungumza, na anayesikiliza anachoka.

Hewa ya Nairobi

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita. Feni ile ile inabeba joto kidogo kuliko inavyobeba pwani. Kwa hiyo hitisinki iliyopangwa na mtengenezaji aliye usawa wa bahari ninaiongezea eneo. Mapezi mazuri ya alumini utayapata Gikomba kwenye vyuma chakavu, na Kamukunji watakukatia na kukutobolea. Uso wake uusawazishe kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, kisha paka krimu ya joto nyembamba kabisa. Kwa MRF300 mgongo wa chuma ni sosi, mguu wa transista unaofungwa kwenye ardhi ya saketi, kwa hiyo unafungwa moja kwa moja bila karatasi ya kuhami. Kwa IRF510 mgongo ni dreni, na bila kuhami utaunguza kila kitu.

Joto lipime kwenye wati 40 badala ya 100. Kwa klasi B iliyojazwa vizuri, transista huchemka zaidi nguvu ikiwa karibu asilimia 40 ya kilele. Anayepima kwenye nguvu kamili peke yake hajaona hali mbaya.

Jaribio la toni mbili

Ukishamaliza kushusha volti, thibitisha kwamba hukuharibu wimbi. Ingiza toni mbili zenye nguvu sawa kwenye kipaza sauti, mfano Hz 700 na 1,900. Amplifaya inayopinda itazaa toni nyingine kwenye Hz 3,100 na kwenye Hz 500 upande wa pili wa masafa ya sifuri, yaani pale ambapo wimbi la kubebea sauti lingekuwa. Tazama kwa kipokezi kidogo cha USB kilichounganishwa na kompyuta, RF ikiwa imepunguzwa sana kabla ya kuingia. Nataka toni hizo za ziada ziwe angalau desibeli 30 chini ya toni zenyewe.

Jihadhari na kipokezi chenyewe, kwa maana nacho hupinda kikilemewa. Ongeza kipunguzi cha desibeli 10. Kama kila kitu kimeshuka kwa 10, unachokiona kinatoka kwenye amplifaya. Kama zile za ziada zimeshuka kwa 30, zilikuwa za kipokezi.

Zikiwa juu mno, ongeza bayasi kidogo kwanza. Zisiposhuka, ongeza volti moja ya saplai, pima, kisha moja tena. Ile ya Turkana kwenye volti 29 ilikuwa inagusa kilele kwenye MHz 14, hata baada ya bayasi kupanda. Kwenye 31 ilinyooka. Kwa hesabu ile ile hizo volti mbili zinagharimu wati 10 za joto, nami nilizilipa bila kusita, nikaandika namba 31 kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya kifuniko, ili fundi atakayeifungua baadaye asije akairudisha kwenye 50.